Betri ya Prius imekufa, au imesingiziwa?

Swali: Nina Toyota Prius ya 2010, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme, nimeinunua kwa mkopo na ninaifanyia teksi ya mtandaoni hapa Dar es Salaam, naishi Tabata. Ina kilometa 190,000. Wiki ya tatu sasa feni ya nyuma inanguruma, mafuta yanaisha haraka, na vijisanduku vya betri kwenye dashibodi vinajaa na kuisha ndani ya dakika mbili. Juzi pale Ubungo ikawaka pembetatu nyekundu. Fundi wa kwanza alichomeka mashine ikatoa namba ya kosa P0A80, akasema betri imekufa, mpya ni milioni 4.5. Wa pili anayo ya mtumba, imetolewa kwenye gari la ajali, milioni 1.9. Wa tatu atabadilisha seli mbovu tu, laki moja na ishirini kila moja, na ufundi laki tatu. Wa nne anasema aiondoe kabisa gari litembee kwa petroli. Asubuhi pia gari linatetemeka sana likiwaka, kisha linatulia. Mkopo umebakiza miezi mitano. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, nianze na huyo wa nne, kwa sababu kati ya ushauri wote uliopewa wake ndio usiowezekana kabisa. Prius haina stata wala alteneta. Ukibonyeza kitufe, injini ya petroli inazungushwa na mota kubwa ya umeme iliyo ndani ya giaboksi, na mota hiyo inakula umeme wa betri ya nyuma. Itoe betri hiyo na injini haina wa kuiamsha. Taa za dashibodi zitawaka na gari litakaa hapo hapo kama kabati. Fundi anayekuahidi petroli tupu hajawahi kulifungua gari la aina hii, au alilifungua na mwenyewe akaja kulichukua kwa kuburuta.

Hao watatu wengine kila mmoja anaweza kuwa sahihi. Anaweza pia kuwa anabahatisha, maana hakuna hata mmoja aliyekuonyesha namba. Nitakueleza ni namba gani, lakini kwanza turudi kwenye sentensi uliyoiweka mwishoni kana kwamba si kitu: gari kutetemeka asubuhi.

Hiyo ndiyo imeninyima raha kuliko pembetatu. Betri kubwa ikichoka, gari huwa zito, injini inawaka mara kwa mara, feni inapiga kelele, kama ulivyoeleza. Lakini injini kutikisika kama inataka kuruka nje, tena mara ya kwanza tu asubuhi, kisha kutulia baada ya sekunde chache, ni dalili ya kitu kingine. Prius za umri wa lako, zenye injini ya 1.8, zina ugonjwa unaofahamika: gasketi ya silinda hedi inaanza kuvuja kidogo kidogo. Gari likilala, maji ya rejeta yanajipenyeza tone kwa tone ndani ya silinda moja. Asubuhi silinda hiyo inagoma kuwaka mpaka imalize kuyatema. Mara nyingi chanzo kiko kwenye kile kipoozeo cha moshi unaorudishwa ndani ya injini: kinaziba kwa masizi, na injini inafanya kazi kwenye joto ambalo haikupangiwa.

Kupima hatua ya kwanza ni bure. Leo usiku, injini ikiwa imepoa, chukua kalamu ya wino mzito uchore mstari kwenye chupa ya maji ya rejeta, pale maji yalipofikia. Baada ya wiki angalia tena, injini ikiwa imepoa vilevile. Yakipungua na chini ya gari hakuna dimbwi, maji yanaungua ndani. Hapo mtafute fundi mwenye kamera nyembamba ya kupenyeza kwenye tundu la plagi. Alilaze gari usiku, asubuhi kabla ya kuliwasha atoe plagi zote nne na aangalie. Silinda inayopitisha maji huonekana: kichwa cha pistoni kimesafika kama kimeoshwa, wakati wenzake wamejaa masizi meusi. Kama ndivyo ilivyo, usilipe hata shilingi moja ya betri mpaka ujue bei ya hedi. Nimeshamwona mtu ameweka betri mpya mwezi wa sita, mwezi wa nane injini ikachemka njiani, akauza gari na betri yake kwa bei ya chakavu.

Tuchukulie mstari wako haukushuka. Sasa betri.

Nyuma ya kiti cha nyuma, chini ya kapeti la buti, kuna boksi la bati. Ndani yake mna vipande 28 vya plastiki vimesimama vimebanana kama vitabu kwenye rafu. Mafundi wetu kila kipande wanakiita seli, lakini ndani ya kila kipande mna seli sita za nikeli, kila seli ina volti 1.2, hivyo kipande kizima ni volti 7.2. Vipande vyote vimeungwa kwa foleni, kimoja nyuma ya kingine, vikifikisha volti 201.6. Seli zote ukizihesabu ni 168. Kompyuta ya betri haizioni moja moja. Inavisoma vipande viwili viwili, kwa hiyo mbele yake kuna jozi 14 tu.

P0A80 tafsiri yake rasmi ni kwamba badilisha betri, na ndiyo maana fundi wako wa kwanza alisoma akafunga kompyuta yake. Lakini kilichoifanya kompyuta iandike hivyo ni kitu kidogo zaidi: jozi zimepishana kuliko inavyoruhusu. Seli moja ikifa kati ya 168, jozi yake inashuka kwa volti kama 1.2, na hiyo inatosha. Kutu kwenye waya wa kusomea volti nayo inatosha. Betri nzima kuchoka kwa uzee pia inatosha. Sababu tatu, namba ya kosa moja, na bei zake ziko mbali mbali kama Tabata na Tanga.

Kwa hiyo tafuta namba za jozi. Huhitaji gereji. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la chini ya usukani, ELM327, kinachotuma taarifa kwa bluetooth, na upakue kwenye simu programu inayozijua Prius, kama Dr. Prius. Vifaa vya bei ya chini sana wakati mwingine vinagoma kuzungumza na gari, kwa hiyo kijaribu dukani hapo hapo kabla ya kulipa. Na usimruhusu mtu yeyote afute namba ya kosa kabla ya hapo. Kompyuta huwa imehifadhi hali ya betri ya sekunde ile pembetatu ilipowaka. Ukifuta, umefuta ushahidi. Taa itazimika siku mbili, utafurahi, kisha itarudi.

Pima gari likiwa limesimama sehemu salama, kwenye P, breki ya kuegesha imefungwa, limewashwa na dashibodi inaonyesha READY. Fungua ukurasa unaoonyesha jozi zote 14 na uzipige picha mara tatu. Ya kwanza gari likiwa limetulia, hakuna kinachovuta umeme. Kisha washa kiyoyozi mpaka mwisho, na hapa ndipo patamu, kwa sababu kiyoyozi cha Prius kinaendeshwa kwa umeme wa betri kubwa moja kwa moja. Injini ikiwa imezimika, betri inabeba mzigo wote peke yake. Iangalie inavyoshuka na upige picha ya pili sekunde chache kabla injini haijawaka. Betri yenye afya itakaa dakika kadhaa. Betri mgonjwa itaita injini baada ya nusu dakika. Injini ikishawaka na kuanza kuichaji, piga ya tatu.

Nikupe mfano wa kuzisoma. Tuseme picha ya kwanza jozi nyingi zinaonyesha 15.6, 15.5, 15.6, na ya saba inasema 14.3. Kwenye mzigo wengine wanashuka mpaka 14.8, ya saba 13.4. Ikichajiwa wengine wanapanda 16.5, ya saba 15.2. Umeona? Pengo ni lile lile, volti moja na kitu, iwe imelala, inabeba au inalishwa. Hiyo ni seli moja iliyokufa ndani ya kipande kimoja. Vipande 27 vingine huenda havina neno kubwa.

Sasa mfano wa pili: ikiwa imetulia jozi zote ziko sawa, hupati kosa. Ukiwasha kiyoyozi, jozi ya 6, 7, 8 na 9 zinazama haraka kuliko wenzao; ikianza kuchajiwa, hizo hizo zinaruka juu kuliko wote. Za kwanza kuzama na za kwanza kujaa. Hizo ni jozi zilizopungua tumbo: zinakula kidogo zinashiba, zinatoa kidogo zinaishiwa. Na kuwa za katikati si bahati mbaya. Vipande vya katikati havipati hewa kama vya pembeni, vinapikwa miaka yote hiyo. Ukiona picha ya namna hii, fundi wa seli moja moja hatakufaa, maana akiondoa mbili, wenzao wa jirani wako njiani.

Wa tatu ni ule wa kichekesho: jozi moja inarukaruka, sasa 15.5, sasa 12, sasa 15.4, bila uhusiano wowote na mzigo. Betri haiwezi kubadilika hivyo. Huo ni waya, au kutu.

Kabla ya kufungua chochote kuna kazi ya elfu chache ambayo karibu kila gereji inairuka. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna kitundu cha hewa, ndipo betri inapopumulia. Inavuta hewa ya humo humo ndani mnamokaa. Yaani ukizima kiyoyozi saa nane mchana ili kuokoa mafuta, ukafungua vioo, betri yako inapozwa kwa hewa ya Dar es Salaam ya mwezi wa Februari iliyochanganywa na vumbi. Na abiria wako wanaegemeza nini pale? Begi, mfuko wa sokoni, mtoto. Ile feni inayonguruma inalalamikia joto, na huenda yenyewe imeziba. Mwaka jana nilifungua ya gari la teksi nikakuta meno ya feni yamejazwa nyuzi za kapeti na nywele mpaka yamekuwa kama blanketi, juu yake maganda ya karanga na sarafu ya shilingi mia mbili. Tuliisafisha kwa brashi ya rangi na kipulizio. Joto la betri lilishuka siku hiyo hiyo, na yule kijana alitembea miezi mingine saba kabla hajanirudia. Betri yake ilikuwa imechoka kweli, sikatai, ila miezi saba ni miezi saba.

Kwenye programu yako joto la betri linaonekana pia. Mimi likivuka nyuzi 45 za Selsiasi naanza kukunja uso.

Na pima ile betri ndogo ya volti 12 iliyo pembeni kwenye buti. Gari likiwa limezimwa kwa muda isome kwa mita: 12.6 ni nzima, chini ya 12 imeishiwa chaji au ni ya kubadilisha. Haileti P0A80, lakini ikichoka inawasha msururu wa taa zisizo na kichwa wala miguu, na fundi mwenye haraka anakuuzia betri kubwa kwa kosa la betri ndogo.

Sasa, kufungua. Hapa nataka uwe mtazamaji, dada, tena mtazamaji mkali. Volti 200 za betri si za kuchezea. Zinaweza kuua. Fundi anayejua utamtambua kabla hajagusa nati. Ataweka ufunguo wako mbali na gari, atatoa waya hasi wa betri ndogo, atavaa glovu za mpira za umeme mkubwa, siyo zile za kuoshea vyombo, atavua saa na pete. Atachomoa kile kishikio cha rangi ya chungwa kwenye boksi, atakitia mfukoni mwake mwenyewe ili asije mtu akakirudisha, kisha atakaa chini asubiri si chini ya dakika 10. Anasubiri umeme uliobaki kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa mota, uishe. Fundi asiyesubiri, mwambie umesahau simu nyumbani na uondoke na gari lako. Hata kishikio kikitoka, vipande vyenyewe bado vina umeme. Kukichomoa kunakata mnyororo tu.

Kinachofuata ni vile vibati vya shaba vinavyounganisha kipande na kipande. Huku kwetu pwani, chumvi na unyevu wa hewa haviviachi. Utaviona vimeota kijani, au vimekuwa vyeusi. Vitolewe vyote, vilowekwe kwenye siki, visuguliwe kwa msasa laini mpaka vingʼae, vioshwe na vikaushwe kabisa. Vile vichwa vya waya wa kusomea volti navyo visafishwe. Nati zake ni ndogo, za namba 8, na hazikazwi kwa hasira: kipimo chake ni nyutoni-mita 5.4, kiasi ambacho mkono unaokaza nati za tairi hauwezi kukikisia. Zikizidishwa, msumari wa kipande unakatika na hapo umeshaua kipande kilichokuwa kizima. Zikilegea, panachemka na kutu inarudi. Muulize fundi kama ana spana ya kipimo. Kama namba zako zilikuwa za ile jozi inayorukaruka, usafi huu ndio tiba yote, na ungelipa milioni 4.5 kwa ajili ya siki.

Kama ni seli iliyokufa, kipande kinatolewa na kuwekwa kingine, na hapa ndipo fundi mzuri na mbaya wanapotengana. Mbaya atachukua kipande chochote chenye volti 7 na kitu, atapachika, taa itazimika, atapokea hela. Volti ya kipande kilicholala haisemi kitu. Mzuri atavitoa vyote 28, atavipa namba kwa kalamu, na atavibebesha mzigo kimoja kimoja: balbu ya taa ya mbele ya wati 55, dakika mbili, akiandika volti mwanzo na mwisho. Kipande kinachoanza 7.8 na kumaliza 7.5 kina nguvu. Kinachoanza 7.8 hiyo hiyo na kumaliza 6.3 ni mgonjwa aliyevaa vizuri. Fundi mzuri zaidi ana mashine za kuchaji kama zile za wanaorusha ndege za kuchezea, anakijaza kila kipande na kukimaliza mara tatu na kuandika kilichotoka. Kipya kilikuwa na ampea-saa 6.5. Kikitoa chini ya 4 mimi nakiweka kando. Kazi hii inachukua siku nne au tano, vipande vikiwa vimebanwa kwa mbao na bolti, kwa sababu vikichajiwa bila kubanwa vinavimba na havirudi tena kwenye boksi. Mwisho vinaungwa sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, vilale usiku kucha visawazike. Wakati wa kurudisha, vile vyenye nguvu vikae katikati, kwenye joto.

Fundi wako wa tatu anakuambia ni kazi ya saa tatu? Basi ni yule mbaya. Anasema siku tano? Msikilize.

Tufanye hesabu kwa bei ulizonitajia mwenyewe. Vipande viwili na ufundi ni 540,000. Nikikadiria kutokana na ninayoyaona, matengenezo ya namna hiyo kwenye teksi, yakifanywa vizuri, yanakaa miezi minane hivi, ikizidi ni heri. Hiyo ni 67,500 kwa mwezi. Betri mpya ya milioni 4.5 ikikaa miaka mitano ni 75,000 kwa mwezi. Zimekaribiana kuliko ulivyotegemea, sivyo? Na ya mtumba ya milioni 1.9? Imetoka kwenye gari la umri kama wa lako, ikapata ajali, ikalala yadi sijui miezi mingapi, na betri za nikeli zikilala bila kutumika zinashuka na kupishana zenyewe. Nikiipa mwaka mmoja na nusu ni zaidi ya 105,000 kwa mwezi. Iliyoonekana ya wastani ndiyo ghali kuliko zote. Nitaikubali kwa sharti moja tu: ifungwe kwenye gari lako, upige zile picha tatu, jozi zote 14 ziwe zinakwenda pamoja, ndipo umalizie malipo, na waranti ya miezi mitatu iwe kwenye karatasi yenye muhuri, siyo kwenye mdomo.

Kwa mwenye mkopo wa miezi mitano nisingekushauri mpya sasa, labda namba zako ziwe za mfano wa pili. Kama ni seli moja au mbili, safisha feni, safisha vibati, badilisha vipande, mpaka vinne nakubali: 480,000 na ufundi wake, 780,000. Vikifika sita umeshavuka milioni kwa betri ambayo bado ni mzee yule yule, simama hapo. Maliza mkopo, huku ukiweka pembeni kila wiki hela ya betri mpya. Utakapofika huko, mpya inayofungwa ulizia imetengenezwa na nani na lini. Kuna za kampuni yenyewe na kuna za Kichina zenye seli za duara, zingine nzuri tu. Wapo pia wanaouza za lithiamu za kupachika. Ni nyepesi na zina nguvu, lakini kompyuta ya gari lako ilifundishwa tabia ya nikeli, na mimi nisingependa gari linalolisha nyumba liwe la majaribio.

Jambo moja la uendeshaji, kwa sababu naijua foleni ya Barabara ya Mandela. Ukisimama muda mrefu unaweka N? Madereva wengi wanaweka, wakidhani wanaipumzisha gari. Kwenye Prius, ukiwa N betri kubwa haichajiwi hata kidogo, na kiyoyozi kinaendelea kuinyonya. Dakika kumi na tano za N kwenye jua ni adhabu kubwa kwa betri iliyochoka. Baki D ukikanyaga breki, au weka P. Na kiyoyozi kiwashe, hata kidogo, hata ukiwa huna abiria. Mafuta utakayotumia ni machache kuliko kipande kimoja cha laki na ishirini.

Fundi akishamaliza, kile kishikio cha chungwa kina mchezo wake: kinaingia, kinalazwa, kisha kinasukumwa kujifunga. Wengi wanasahau hiyo ya tatu, gari linakataa kuingia READY, na hofu inaanza upya. Mwombe akisukume mbele yako. Kisha rudia picha zako tatu hapo hapo gerejini kabla ya kutoa pesa, na tena baada ya wiki moja ya kazi.

Ukinunua mpya siku ile, usiiache ya zamani kwa fundi kama watu wanavyoacha tairi kipara. Watakuambia ni takataka na watakusaidia kuitupa. Ndani yake mna vipande 28, na pengine ishirini na kitu bado vinabeba balbu dakika mbili bila kuyumba. Bei ya kimoja wewe mwenyewe umeniandikia.